Kutoka Leso ya Kushona hadi Kochi la Mtumba: Historia Fupi ya Mkono wa Mama na Akiba Yake



Kamati ilipokaa kupanga kitabu hiki cha kumbukumbu, ilikubaliwa kwamba kisiwe na picha za mgeni rasmi na hesabu za hisa peke yake. Wenzetu wakasema lazima iwepo na historia. Sasa, historia ya kikundi kilichoanza mwaka 2015 ni fupi, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuisimulia. Lakini kazi iliyotukutanisha, yaani kushona na kufufua samani kuukuu, ina historia ndefu kuliko umri wa bibi zetu. Hiyo ndiyo tumeona tuiandike hapa, kwa sababu wengi wetu tunaifanya kazi hii bila kujua tumetoka nayo wapi.

Jambo tunalotaka kulisema ni moja tu. Mkono wa mwanamke haujawahi kukosa ufundi. Kilichokosekana miaka yote ni chombo cha kazi kuwa mali yake mwenyewe. Tutaeleza tulivyofika hapo.

LESO YA KUSHONA

Tuanzie pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kimarekani kutoka mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitiliana saini mkataba wa biashara, na kitambaa hicho kikasafiri na misafara mpaka bara. Watu wakakiita merikani, na jina hilo lipo mpaka leo hata kama jora lenyewe limetoka kwingine kabisa. Merikani na kaniki ndizo zilikuwa nguo za mtumwa na za mtu wa kazi.

Kisha zikaja leso. Neno hilo asili yake ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa Unguja na Mombasa kwamba kwenye nusu ya pili ya karne ile akina mama waliziona leso hizo dukani zikiwa bado hazijakatwa mojamoja. Wakaomba wakatiwe pande sita. Walipofika nyumbani wakaziunga kwa sindano, tatu juu na tatu chini, likapatikana vazi pana la kujifunga. Zikaitwa leso za kushona. Wenye maduka walipoona zinapendwa, wakaagiza nguo iliyochapwa kipande kizima, na hiyo ndiyo kanga. Kule Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, lilianza mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana pwani nzima.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliweka kando kaniki wakajifunga kanga, ili anayewatazama ajue kuwa na wao sasa ni watu huru. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukisikia mtu anasema kushona ni kazi ndogo ya kupotezea muda, mwambie kwamba vazi la heshima la pwani hii, kwa masimulizi tuliyorithi, lilianza na mama aliyechukua kitu cha matumizi mengine akakifanya kuwa kipya kwa uzi na sindano.

Samani nazo hazikuwa nyuma. Kitanda cha kamba kikilegea hakikutupwa. Kamba zilikatwa, ukindu ukasukwa, na kitanda kikawambwa upya juu ya fremu ileile. Fremu moja nzuri iliona kamba nyingi. Hayo tunayoyaita leo kufufua samani, wazee waliyafanya bila kuyapa jina.

CHEREHANI NA MALIPO YA KIDOGO KIDOGO

Tuache pwani kidogo tuangalie cherehani ilikotoka, kwa sababu habari zake zinatuhusu sana sisi wa vikundi vya akiba.

Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya cherehani yake. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris wakaivamia karakana yake na kuzivunja mashine, wakihofia kukosa kazi. Huko Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Mashine ya Singer ilikuwa nzuri lakini bei yake ilikuwa kubwa mno kwa nyumba ya kawaida, na wake wengi hawakuwa na fedha yao wenyewe.

Ndipo mshirika wake Singer, mwanasheria Edward Clark, akaanzisha mwaka 1856 mpango wa kuuza kwa kianzio kidogo, halafu mteja analipa kila mwezi. Cherehani ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza duniani kuuzwa kwa wingi namna hiyo. Baadaye yakafuata magari, friji, mpaka hizi simu za mkopo za leo. Kumbe hata hilo neno la kulipa kidogo kidogo lina harufu ya mafuta ya cherehani!

Lakini tuangalie upande wa pili. Mashine ilibaki mali ya kampuni mpaka senti ya mwisho ilipwe. Mama aliyelipa miezi kumi akashindwa wa kumi na moja angeweza kunyang'anywa mashine, na alicholipa kikawa kimekwenda na maji. Hapo ndipo penye tofauti ya mkopo na akiba. Mkopo unakupa chombo leo na wasiwasi kesho. Akiba inakuchelewesha, lakini ukishakipata hakuna wa kukigongea mlango.

Hata hivyo cherehani ilienea dunia nzima. Mahatma Gandhi, aliyezikataa mashine nyingi za viwandani, aliitoa cherehani ya Singer katika lawama zake na kuihesabu kuwa chombo chenye faida kwa mtu wa chini. Haihitaji umeme. Ya mkono inazungushwa, ya miguu inakanyagwa, na ukiitia mafuta na kuifuta vumbi itakuzika wewe na kurithiwa na mjukuu.

FUNDI BARAZANI, MAMA NDANI

Huku kwetu cherehani ilipofika ilikaa barazani kwa wenye maduka. Fundi aliyeketi nyuma yake mara nyingi alikuwa mwanamume. Mama alinunua kitambaa, akakipeleka kwa fundi, akalipa. Yeye mwenyewe alibaki na sindano ya mkono: kushona viraka, kufuma vitambaa vya meza, kudarizi mashuka na foronya. Unguja na Lamu wanawake walishona kofia za kazi ya mkono, kofia moja ikila wiki nyingi za macho na vidole. Kazi ilikuwa ya mwanamke, lakini ya kukaa ndani. Aliyeipeleka sokoni mara nyingi alikuwa mtu mwingine.

Zilipokuja klabu za akina mama enzi za ukoloni, kushona kukawa somo. Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, na miongoni mwa yaliyofundishwa ni kushona, kupika na usafi wa nyumba. Kwetu Tanganyika, baada ya uhuru, Umoja wa Wanawake uliundwa mwaka 1962 chini ya uenyekiti wa Bibi Titi Mohamed, na madarasa ya ushonaji yakawa jambo la kawaida. Tunawashukuru waliofundisha. Ila ni lazima tuseme ukweli: wengi wa mama zetu walifundishwa wawe wake wazuri wa nyumbani, hawakufundishwa wawe mafundi wenye daftari la mapato. Walihitimu na kitambaa cha meza kizuri mno, na cherehani wakaiacha palepale darasani kwa sababu haikuwa yao.

MIAKA YA FOLENI

Wakubwa wetu kikundini wanaikumbuka miaka ya mwishoni mwa sabini na mwanzoni mwa themanini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika na viwanda vikakosa vipuri. Kiwanda cha Urafiki cha Ubungo kilikuwepo, lakini kanga ilipotoka ilikuwa ni foleni, na ukifika mbele unaambiwa zimekwisha. Wanasimulia walivyofumua gauni la mama likawa magauni mawili ya watoto, walivyogeuza kola ya shati upande wa ndani ukawa nje, na pazia lililochoka likakatwa foronya.

Wala si sisi peke yetu tuliopita njia hiyo. Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili nguo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949. Mwaka 1943 serikali yao ilitoa kijitabu cha kuwafundisha wananchi kutengeneza upya nguo walizonazo. Samani mpya nazo, kuanzia 1942, zilitengenezwa kwa mitindo michache iliyopangwa na serikali, na waliopewa kwanza ni maharusi na waliobomolewa nyumba kwa mabomu. Kwa hiyo msimwonee haya mtu anayegeuza kitu cha zamani. Mataifa makubwa yamefanya hivyo na vitabu wakaviandikia.

MTUMBA UNAINGIA

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na milango ikaanza kufunguka. Nguo za mitumba zikamiminika. Mafundi wengi waliokuwa wakishona nguo mpya walipata pigo, na viwanda vyetu vikaumia. Hilo hatulifichi. Lakini ikazaliwa kazi nyingine: kupunguza, kufupisha, kubadilisha zipu, kufanya suruali mbili za watu wazima kuwa nne za watoto. Yakaja na marobota ya mapazia na mashuka, kitambaa kizito na imara ambacho kikiwa kipya dukani hatukiwezi bei.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe mpaka iishe. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo bila ushuru nchini kwake. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Sisi tulijifunza somo moja hapo: mali ghafi tunayoitegemea inaweza kukatika kwa uamuzi wa watu walio mbali sana. Fundi asiye na akiba siku hiyo anakaa chini.

Tuliliona hilo tena Januari 2022 soko la Karume lilipoungua. Baadhi yetu tulikuwa tunachukua mapazia pale. Wauzaji tuliowazoea walipoteza kila kitu kwa usiku mmoja. Waliokuwa na chochote kwenye kikundi chao walirudi barabarani mapema kuliko wengine.

KOCHI KUUKUU

Samani za mtumba zina njia zake. Zipo zinazouzwa watu wanapohama, zipo za minada, zipo zinazoshushwa kutoka ng'ambo, na zipo zilizotengenezwa hapahapa miaka mingi iliyopita kwa mninga na mvule, mbao ambazo siku hizi ni ghali. Kochi la namna hiyo kitambaa kimechanika, sponji limebonyea, vanishi imebabuka, na mwenye nyumba analiona takataka. Mwenye jicho anaona fremu.

Hapo ndipo kushona na useremala vinapokutana. Mafundi wa Keko wanajua kuunda kochi jipya, na tumejifunza mengi kwao. Sisi hatushindani nao. Tunachukua lile ambalo fundi hataki kulipotezea muda, tunalirudishia uhai, na linakwenda kwa mtu ambaye kochi jipya hana uwezo nalo.

KIKUNDI CHETU

Tulipoanza 2015 tulikuwa na sanduku lenye makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu, na cherehani moja ya kukanyaga aliyoirithi mwenzetu kutoka kwa mama mkwe. Utaratibu wa hisa hatukuubuni sisi. Wanawake wa Niger waliuanza mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika mpaka ukafika huku na kukutana na upatu wa bibi zetu. Tofauti yake na upatu ni kwamba fedha inakaa, inakopeshwa, inazaa, na mwisho wa mzunguko inagawanywa kwa hesabu.

Jambo lililotubadilisha lilitokea mwaka 2018. Mwenzetu mmoja aliuguliwa na mtoto, akaona haya kuja kwetu kwa sababu alikuwa na deni la kikundi. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hao wanaoitwa kausha damu, akaweka cherehani rehani. Riba ilikuwa ya kila wiki. Mwezi Januari, shule zinafunguliwa na oda za sare zimejaa mezani, jamaa akaja na bodaboda mbili akaibeba mashine na meza yake. Vitambaa vya watu vilibaki vimekatwa, havijaungwa. Tuligawana zile sare tukazimalizia kwa cherehani nyingine ili jina lake lisiharibike, lakini mashine haikurudi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na cha machozi. Tukatoka na maazimio matatu, na bado yanasimama. Kwanza, cherehani haiwekwi rehani popote, hata kwenye kikundi chenyewe. Pili, mfuko wa jamii unatoa fedha ya ugonjwa hata kwa mwenye deni, bila riba. Tatu, uwepo mfuko wa vyombo, kila wiki mtu anatia kidogo, na zamu ikifika ananunuliwa mashine kwa fedha taslimu, risiti ikiwa na jina lake. Mwenzetu huyo alikuwa wa kwanza kwenye zamu.

Mwaka uleule ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, ambayo ilivitambua vikundi kama chetu katika daraja la nne. Tukajisajili. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, barakoa za vitambaa zilitulisha miezi kadhaa, na ziliwezekana kwa sababu cherehani zilikuwa ndani kwetu. Hatukuhitaji kumwomba mtu.

KWA ANAYEANZA LEO

Akina dada wanaojiunga sasa hutuuliza waanzie wapi. Jibu letu: anza na foronya ya mto wa kochi, usianze na gauni.

Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata mbele sentimita 42 kwa 42, na nyuma vipande viwili vya 42 kwa 30. Pinda ukingo mmoja mrefu wa kila kipande cha nyuma sentimita 3. Laza vipande vya nyuma juu ya cha mbele, nzuri kwa nzuri, vile viwili vipandane katikati, kisha shona pande zote nne ukiacha sentimita 1 ya mshono. Geuza. Huhitaji zipu. Kanga moja ya sentimita 110 kwa 150 hutoa foronya tatu, doti hutoa sita. Ila fua kwanza kitambaa, pamba hujikunja. Na angalia unapokatia maneno ya kanga, yasije yakabaki nusu yakamtukana mgeni wako!

Ukishazoea, nenda kwenye kochi:

1. Kabla ya kulipa, litikise. Likiyumba kwenye maungio, gundi na skrubu vitasaidia. Likitoa unga kwenye matundu madogo, lina dumuzi, liache. Angalia mishono kama kuna kunguni.

2. Fumua kitambaa cha zamani taratibu, usikichane. Kila kipande kiandike kwa chaki kilikotoka. Hicho ndicho kielelezo chako cha kukatia kipya.

3. Kama kamba au springi zimekufa, kata mikanda ya tyubu ya gari, ivute kwa nguvu, isuke msalaba na kuipigilia.

4. Sponji likate kubwa kuliko foronya yake kwa sentimita 1 au 2, mto ujae vizuri.

5. Mbao anza na msasa namba 80, halafu 120, malizia na 220, ukifuata mkondo wa mbao. Paka vanishi mikono miwili, katikati piga msasa mwepesi. Fanya kazi hii nje na ufunike pua. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizikwangue mahali watoto wanapocheza.

6. Andika kila senti iliyoingia: kochi, usafiri, sponji, uzi, na siku zako za kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MWISHO

Tukitazama nyuma tunaona mstari mmoja umenyooka. Mama wa leso za kushona alikuwa na sindano yake. Mama wa klabu alikuwa na ujuzi, mashine ikawa ya darasa. Mwenzetu wa 2018 alikuwa na ujuzi na mashine, akakosa pa kukimbilia siku ya shida. Kikundi hiki kimeweka pamoja vitu vyote vitatu, na ndiyo maana kimefika miaka kumi.

Kazi iliyobaki ni kwa binti zetu. Wapo wanachama ambao zamu yao ya mfuko wa vyombo haijafika, na wapo wasichana mtaani wanaoshona kwenye mashine za watu kwa ujira wa kutwa. Kila Jumamosi mnapotia shilingi zenu kwenye sanduku, wakumbukeni hao. Ninyi wafadhili na majirani mnaotusoma, kochi mlilotaka kulitupa tuitieni kwanza tulione.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu awabariki nyote, na atufikishe miaka ishirini.